Nyuzi Ishirini na Tano na Nusu

Jumanne, 3 Juni

Asubuhi 25.4. Jioni 25.6.

Nimeambiwa niandike namba hizo mbili tu, basi. Lakini daftari lenyewe ni la kituo cha maziwa, kila ukurasa una mistari thelathini na mbili, na mimi Eunike sijazoea kuacha ukurasa mtupu. Miaka ishirini na mbili nimepokea maziwa ya watu wa huku juu Machame, nimeyapima joto, nimewakamata walioyatia maji, nimeyaandika. Nimestaafu mimi, mkono haujastaafu. Kwa hiyo nitaandika namba za Beatrice, halafu chini yake nitaandika yangu.

Beatrice ni mke wa Godlove, mwanangu wa mwisho. Godlove anaongoza wageni mlimani na sasa ndio msimu wenyewe: leo kashuka, keshokutwa anapanda tena. Mkewe kamtoa Tanga. Walihamia kwangu mwezi wa nne, tumbo likiwa kubwa, na Beatrice hakuja na kabati wala kitanda. Alikuja na tenki la kioo, maji ya bahari na samaki watatu. Lita mia na ishirini! Samaki walisafiri kwenye ndoo yenye mfuniko, na yeye na tumbo lake kakaa nyuma ya gari, kaikumbatia ndoo safari nzima.

Nilimwambia Godlove, sisi wengine tulikuja na sufuria.

Mtoto kazaliwa tarehe 27 Mei, msichana, mzima kabisa. Kapewa jina langu, maana kwetu binti wa kwanza ni wa bibi mzaa baba. Na desturi hiyo hiyo inasema mzazi hashiki maji baridi, hafagii, hakami, hatoki nje mpaka miezi mitatu iishe. Kazi zake zote zinabebwa na mama mkwe. Sikujua kwamba humo ndani wamo na samaki. Haya, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, hata yakiwa ya chumvi.

Jumatano, 4 Juni

25.5. 25.5. Ukungu mpaka saa sita mchana.

Ijumaa, 6 Juni

25.3. 25.6.

Leo nimefundishwa kazi. Beatrice kalala kitandani na mtoto, mlango uko wazi, mimi nimesimama mbele ya tenki pale sebuleni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Mama, ile fimbo ya kioo ndiyo hita. Usiichomoe ikiwa ya moto. Ile inayotoa mapovu ni pampu ya hewa. Maji yakipungua uongeze ya mvua, yasiwe ya chumvi."

"Samaki wa bahari niwape maji ya mvua?"

"Yanayopaa ni maji, mama. Chumvi haipai, inabaki. Ukiongeza ya chumvi utawachachua."

Ni kweli, na nilipaswa kujua. Anataka 25.5. Ikiwa 25 sawa, ikiwa 26 sawa, lakini isipande wala isishuke kwa haraka. Nikamwambia mwanangu, mimi joto nalijua, joto ndilo lililonipa pensheni.

Samaki wawili ni wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wanapendana hao, hawaachani. Wa tatu ni wa bluu, mdogo kama kidole gumba, mkali kuliko wote. Anaitwa Fundi. Aliletwa na baba yake Beatrice, fundi wa injini za boti, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Beatrice aliposema hivyo aligeukia ukutani.

Jumapili, 8 Juni

25.5. 25.4.

Magreth, jirani yangu, kanisubiri nje ya kanisa. "Mama Godlove, eti kwako mnafuga majini ya pwani?"

"Tunafuga samaki," nikamwambia. "Wewe ndiye unayefuga maneno."

Alhamisi, 12 Juni

25.5. 25.3. Godlove yuko juu.

Jumapili, 15 Juni

25.2. 25.5.

Nimempikia Beatrice mtori wa ndizi wenye nyama ya mbavu na siagi. Kala vijiko vitatu. Jana vitatu. Juzi sikuhesabu, lakini bakuli lilirudi zito. Mimi nilipojifungua Godlove nilinenepa mpaka watu wakanipigia vigelegele. Mzazi wa Kichagga akitoka ndani mwembamba, aibu ni ya mama mkwe, na Magreth macho anayo.

Nimemuwekea mablanketi matatu, na maji ya moto ya kukanda mara mbili kwa siku. Dirisha silifungui. Sijui nifanye nini zaidi.

Jumanne, 17 Juni

25.4. 25.4. Ng'ombe kapandwa na dume. Ndio kwanza habari njema ya wiki.

Jumapili, 22 Juni

25.3. 25.5.

Naandika neno linaloniuma. Huyu msichana hajamwita mtoto kwa jina hata siku moja. Anasema "mtoto". "Mtoto kalia." "Mtoto kalala." Mwezi unakaribia kwisha. Kwanza nilikasirika, nikasema moyoni, jina la Eunike lina nini? Lina ukoma? Sasa sikasiriki tena, naogopa. Ananyonyesha vizuri, anambadilisha nguo vizuri, lakini macho yake yako kwenye lile tenki. Anakaa kwenye kiti mbele yake saa nzima, mtoto mkononi, haimbi, haongei. Ukimuuliza, "Mwanangu, nini?" anajibu, "Sina kitu, mama, nimechoka tu."

Leo nilikuwa nampelekea uji nikamsikia anaongea na Godlove kwenye simu. Sikusikiliza kusudi, lakini uji ulikuwa wa moto na mlango ulikuwa wazi. Kasema, "Mimi nakwambia, siku nikiondoka hapa naondoka na tenki langu."

Nilirudi jikoni na uji wangu. Sikuuliza anaondoka kwenda wapi, wala yeye hakusema. Lakini nina miaka sitini na mmoja, najua mwanamke akianza kuhesabu vitu vyake maana yake nini. Mjukuu wangu naye ataingia kwenye hesabu hiyo.

Jumatatu, 23 Juni

25.5. 25.5.

Tenki likiwa salama, yeye yuko hapa. Nimeamua hivyo. Nitazishika hizo nyuzi kuliko nilivyozishika za kituo.

Jumanne, 1 Julai

24.8. 25.4. Baridi imeanza kweli. Nimeamka vidole haviwezi kushika ndoo ya maziwa.

Jumamosi, 5 Julai

24.9. 25.5.

Godlove kashuka, midomo imepasuka kwa baridi. Kakaa na mke wake siku moja na nusu, kaitwa tena. Nimemwambia ukweli, mkeo hana furaha. Kasema, "Mama, ni mwili tu, ametoka kujifungua, atazoea." Wanaume na neno lao la atazoea! Mlima wenyewe wageni anawapandisha pole pole, siku saba, eti miili izoee. Mke wake kampandisha kwa siku moja.

Jumatano, 9 Julai

24.7. 25.2. Hita haizimi kutwa. Umeme hauna nguvu.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi 25.3. Saa nne 24.1. Saa sita 22.9. Saa nane 22.0. Saa tisa kasorobo 29.4.

Naandika vyote kama vilivyotokea. Sijifichi.

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Mti umeanguka kule chini, umelala juu ya nyaya, watu wa umeme wakasema labda kesho. Beatrice alikuwa kakesha na mtoto anayeumwa tumbo, wote wawili wamepata usingizi saa tatu. Mzazi haamshwi. Hilo nililishika kama amri ya kumi na moja. Nikasema nitaiweza kazi hii peke yangu, na akiamka atakuta kila kitu sawa, na labda siku hiyo atanitazama kama mama.

Nilifunika tenki na blanketi. Kipimajoto kikaendelea kushuka. Ukungu ulikuwa umeshikana na paa, ndani ya nyumba mvuke unatoka mdomoni. Kila nikifunua blanketi, wale wawili wamejibanza kwenye kona na Fundi kalala chini kwenye mchanga, anapumua kwa shida.

Sasa, pale kituoni maziwa yakija ya moto tulikuwa tunayapoza kwa kuyatumbukiza: keni ya maziwa ndani ya pipa la maji ya chemchemi, dakika ishirini, tayari. Nikajiambia, Eunike, geuza. Nikachemsha maji, nikajaza keni ya lita tano, nikafunga mfuniko, nikachota nusu ndoo ya maji ya tenki ili yasimwagike, nikaitumbukiza keni. Namba ikapanda! Nikashangilia peke yangu kama mwehu. Nikabadilisha keni ya pili. Nikabadilisha ya tatu. Ndani ya kichwa changu mlikuwa na neno moja tu, joto, joto, kama ninavyomfanyia mzazi, blanketi juu ya blanketi. Ya tatu nikaiacha humo nikaenda kumpa ng'ombe majani.

Niliporudi kilikuwa kinasoma 29.4.

Wale wa chungwa walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanameza hewa. Fundi alikuwa kalala ubavu, anapelekwa na maji. Nilimwita. Nilimwita samaki kwa jina, mimi mzee wa kanisa! Hakujipindua.

Beatrice aliamka kwa sauti yangu. Alitoka chumbani peku, kanga kiunoni, akatazama kipimajoto, akatazama keni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitoa keni, akaushika ule mwili mdogo kwa viganja akauweka kwenye sosa. Halafu akachukua kikombe, akaanza kuchota maji ya tenki na kuyamimina kutoka juu, chota, mimina, chota, mimina, ili hewa iingie. Mikono yake yote miwili ndani ya maji. Mzazi wa siku hamsini na moja. Sikumkataza. Nikachukua kikombe cha pili, nikasimama karibu yake, nikafanya kama yeye.

Tulichota mpaka saa kumi na mbili. Maji yalishuka pole pole, kwa sababu aliniambia niache blanketi liwe wazi upande mmoja tu. Wale wawili walishuka chini wakaanza kuogelea.

Nikasema, "Mwanangu, baridi ilikuwa inamuua. Nilitaka kumuokoa."

"Si baridi, mama," akasema, macho kwenye kikombe. "Ishirini na mbili angeivumilia. Wangedhoofu, wangepona. Kilichomuua ni kubadilishwa ghafla. Hata akiambiwa huku ni kuzuri kuliko kule, haelewi. Mwili wake tu unakataa."

Kisha akaenda kumnyonyesha mtoto, mikono ikinukia chumvi.

Ijumaa, 18 Julai

22.6. 25.3. Umeme umerudi saa tano asubuhi.

Tumemzika Fundi chini ya mgomba, karibu na mlango wa jikoni. Beatrice alisimama kwenye kizingiti, maana nje haendi. Hajanisemesha neno baya. Godlove alipiga simu kutoka kambini, akauliza habari za nyumbani, na Beatrice akajibu, "Wote wazima, umeme tu ulisumbua." Kanisitiri. Kwa nini amenisitiri? Nimelia jikoni, na moshi haukuwepo wa kusingizia.

Jumapili, 20 Julai

25.4. 25.5.

Sikwenda kanisani. Nilitoka mpaka mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, kwenye masale yaliyopandwa na baba mkwe wangu, nikakata ncha moja yenye majani mazuri. Nilisimama pale muda mrefu. Isale hupelekwa na aliyekosa kwa aliyekosewa, na akishaletewa hawezi kukataa kusamehe. Watu waliokatana mapanga wamepatana kwa jani hilo. Lakini mkubwa kumpelekea mdogo, mama mkwe kumpelekea mke wa mwanawe, sijawahi kuona. Mama yangu angefufuka aniulize nimelewa mbege ya nani.

Nilimpa kwa mikono miwili. Kasema, "Asante mama, ni zuri." Kaliweka kwenye glasi ya maji karibu na tenki.

Hajui ni nini. Mtoto wa Tanga atajuaje? Nami kwa aibu sikuweza kumweleza. Basi, nimeomba msamaha nikapewa glasi.

Jumatatu, 21 Julai

25.5. 25.5. Isale liko kwenye glasi.

Jumatano, 23 Julai

25.3. 25.5.

Godlove kashuka mchana. Hajavua hata buti, kaliona. Nilikuwa jikoni, nikasikia, "Nani kakupa hii?"

"Mama."

"Mama yangu? Kwa mkono wake?" Halafu sauti yake ikashuka, akaanza kumweleza, na mimi nikaanza kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Beatrice alikuja jikoni, mtoto begani. Hajawahi kuja jikoni kwangu tangu ajifungue. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama, nilidhani umeniletea ua."

"Si ua."

"Najua sasa. Nilikusamehe siku ile ile, tulipokuwa tunachota maji. Hukuhitaji jani."

"Nilihitaji mimi," nikasema.

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe, cha mabega. Nikamchukua mtoto. Nilimuacha alie. Baadaye akaanza kusema, na alipoanza akasema yote. Kwamba ana baridi. Tangu mwezi wa nne ana baridi ndani ya mifupa, na mablanketi yangu yanamlemea kama jiwe lakini hayamfikii. Kwamba mtori unamtia kichefuchefu, na aliona aibu kusema kwa sababu aliona ninavyosumbuka nao. Kwamba dirisha likifungwa anaona kama kafunikwa kwenye chungu. Kwamba anamtazama mtoto anaona anampenda lakini mapenzi yako mbali, kama yuko ng'ambo ya kioo, na anaogopa ana moyo mbaya. Kwamba anamtaka mama yake.

"Mbona hukusema?"

"Godlove aliniambia huku mama wa binti haji. Ni mama mkwe peke yake."

Ni kweli, ndiyo desturi. Mimi nilipojifungua nilimtaka mama yangu mpaka nikauma mto, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesahau. Naandika kwa wino: nilikuwa nimesahau.

Na hapo hapo jikoni niliona nilichofanya. Huyu mtoto wa watu alitolewa kwenye maji yake ya moto akaletwa mlimani. Ndani ya miezi miwili kapewa ukungu, mume asiyekuwepo, mtoto, mama mkwe na mtori. Nami nilipomuona anadhoofu nikamtumbukizia keni ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Alhamisi, 24 Julai

25.4. 25.6.

Asubuhi Godlove kampeleka mkewe hospitali, wakaongee na muuguzi wa wazazi. Magreth alikuwa barabarani. "Mzazi katolewa nje kabla ya miezi mitatu?" Nikamwambia ndiyo, na mimi ndiye niliyemtoa. Muuguzi kasema jambo hili lina jina na lina tiba, na wanawake wengi wa huku huku wanalo ila wananyamaza. Kampangia arudi kila wiki.

Jioni nikapiga simu Tanga. Mama yake Beatrice anaitwa Hilda, tumeonana mara moja tu, siku ya harusi, tukapimana kama mabondia.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Eunike. Mama Godlove."

"Mtoto kafanyaje?"

"Mtoto mzima. Mama wa mtoto ndiye anayekuhitaji. Njoo, tafadhali."

Akasema, "Begi langu nimelifunga tangu mwezi wa tano, mkwe wangu. Nilikuwa nangoja kuitwa."

Jumamosi, 26 Julai

25.5. 25.5.

Hilda kafika saa kumi, mwanamke mrefu, sauti inafika Pasua kule mjini bila simu. Kaja na madumu mawili ya maji ya bahari, nazi kumi na samaki wakavu. Beatrice alimuona akatoka mbio mpaka getini, peku, mimi nyuma namkimbiza na ndara zake. Walikumbatiana mpaka dumu moja likaanguka.

Nimekabidhi jiko. Nimekula samaki wa nazi kwenye nyumba yangu mwenyewe, nikaombwa niseme ukweli. Ni watamu. Beatrice kala sahani mbili.

Jumapili, 27 Julai

25.4. 25.5. Dirisha la chumba liko wazi saa za jua. Hakuna aliyekufa.

Ijumaa, 1 Agosti

25.5. 25.5.

Leo tumelivisha tenki. Wazo ni langu, na safari hii nimeuliza kwanza. Kuuliza si ujinga. Ndizi za mbege tunaziivisha kwa kuzifungia ndani ya majani makavu ya mgomba, joto lake lenyewe linabaki humo humo, hakuna moto. Nikamuuliza Beatrice, tukilifungia tenki hivyo nyuma na pembeni, mbele tukaacha kioo wazi? Kalifikiria. Kasema, "Jaribu, mama." Hilda alisuka majani, mimi nikashona gunia la nje, Beatrice akatuongoza akiwa kwenye kiti. Limekuwa bibi harusi wa kijijini, lakini hita sasa inazima na kuwaka, haiwaki kutwa.

Jumatatu, 4 Agosti

25.5. 25.5.

Nilikuwa nakamua ng'ombe, dirisha la chumba liko juu yangu, nikasikia mtu anasema kwa ukali kidogo, "Eunike! Eunike, hebu tulia bwana, umezidi."

Nilisimama na ndoo. Nikasema moyoni, haya, leo naitwa kwa jina kavu na mke wa mwanangu, kisa nini? Nikanyoosha shingo kuchungulia. Beatrice alikuwa anamvalisha mtoto soksi, na mtoto anapiga mateke. "Eunike wewe mkaidi," akamwambia, "sijui umemrithi nani," akambusu wayo.

Ng'ombe kapiga ndoo teke, maziwa yamemwagika yote. Yaende.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi 25.5. Saa sita 25.0. Saa kumi 24.4. Jioni 24.3.

Umeme umekatika kwa saa tisa nzima. Gunia limelishika joto. Tulitumia keni, ndiyo, keni ile ile, lakini maji ya uvuguvugu, na Beatrice ndiye aliyekuwa anaitia na kuitoa, dakika tano ndani, nusu saa nje. Mimi nilikuwa naandika. Hilda alikuwa anamimina kikombe na kutusimulia habari za marehemu mumewe, tukacheka. Wale wawili hawakujua hata kama kuna tatizo.

Jumatano, 20 Agosti

25.5. 25.5. Isale limetoa mizizi kwenye glasi. Myeupe.

Jumapili, 31 Agosti

25.4. 25.5.

Mzazi katoka. Tumekwenda kanisani wote, Beatrice kavaa kitenge kipya, mtoto kabebwa na Hilda kwenda na mimi kurudi, kwa makubaliano. Wanawake wamepiga vigelegele. Magreth kamtazama Beatrice juu mpaka chini, kasema, "Mbona hajanenepa sana?" Nikamjibu, "Anacheka. Wewe umenenepa, unacheka?"

Lakini jioni Beatrice aliniita sebuleni. Anataka kwenda Tanga na mama yake na mtoto. Muuguzi kasema si vibaya. Godlove kakubali, msimu ukilegea atawafuata. Kesho asubuhi.

Nikasema, "Nenda mwanangu, ukapate jua." Nilisema vizuri, bila kutikisika. Kisha nikaenda zizini nikashika shingo ya ng'ombe. Siku nikiondoka hapa naondoka na tenki langu. Nilikuwa nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno.

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi 25.5. Jioni 25.5.

Gari lilikuja saa moja. Nilibeba mizigo mwenyewe ili nione kinachotoka. Begi la Hilda. Begi la mtoto. Begi la Beatrice. Ndizi zangu, mkungu mzima, na maziwa ya mgando. Nilikuwa natafuta kitu kimoja, ile ndoo yenye mfuniko. Iko pale pale chini ya tenki, imegeuzwa, kavu.

Dereva kawasha gari. Mdomo wangu ukanisaliti. "Beatrice, mbona hujachukua ndoo?"

"Ndoo ya nini, mama?"

"Ya samaki."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Nawatoa niwapeleke wapi na wao wameshazoea hapa? Nakwenda wiki nne tu." Akanikabidhi mtoto nimuage, nikamuaga wajina wangu, shavu lake moto kama mkate. Beatrice akashusha kioo. "Gunia usilitoe. Na uandike, mama, asubuhi na jioni. Usiruke hata siku moja."

Jumanne, 2 Septemba

Asubuhi 25.5. Jioni 25.5.

Nyumba imenyamaza, pampu tu inasikika. Simu ililia saa moja jioni. Beatrice hakuuliza habari za ng'ombe wala za Magreth. Nyuma yake nilimsikia Hilda anaimba na mtoto anaitikia.

"Shikamoo mama. Ngapi?"

Nikavaa miwani, nikafungua daftari, nikamsomea.